Jini au Tezi? Khabari ya Dawa Ipelelezayo Ndani ya Mwili



Hapa petu Holili, mpakani mwa Tanzania na Kenya, watu hutujia sisi walimu wa madrasa kwa haja nyingi. Huyu ataka mwanawe atiwe chuoni, yule ataka kusuluhishwa na mkewe, na wengine huja na wagonjwa wao ili wasomewe. Hatumfukuzi mtu. Lakini yako mambo ambayo mwalimu huyajifunza akiwa na mvi kichwani, na yaliyo mazito zaidi ni yale ayajifunzayo kwa kosa lake mwenyewe. Mwezi huu twataka kulieleza moja katika hayo, kwani lililotupata sisi laweza kuipata nyumba yoyote.

Miaka michache iliyopita aliletwa kwetu mama mmoja, muuza ndizi sokoni. Watu wake walisema kwamba hushikwa ghafula. Moyo humwenda mbio kama wa mtu aliyekimbizwa, kichwa humuuma kana kwamba chapasuka, jasho baridi humtoka hata kanga ikalowa, uso humpauka kama jivu, mikono hutetemeka, naye hulia kwamba anakufa. Baada ya robo saa au nusu saa hali hiyo huondoka, akabaki amechoka. Mara nyingi humshika anapoinama kunyanyua mkungu. Jirani zake walikuwa wamekwisha toa hukumu: huyu ana jini, na jini lenyewe halipendi biashara.

Tukamsomea. Nasi twasema kweli: kila tuliposoma alitulia. Alishikwa, tukasoma, na kabla hatujamaliza akawa mzima. Jambo hili lilitutia ujasiri, na ujasiri ule ndio uliotudanganya. Kwani hatukujiuliza swali jepesi: je, siku asiposomewa hali ile haiondoki? Kumbe iliondoka vile vile, kwa muda ule ule. Miezi mitano ikapita hivyo, mama huyo akikonda na biashara yake ikifa.

Aliyetuzindua ni kijana tuliyemsomesha juzuu ya Amma sisi wenyewe, ambaye sasa ni tabibu katika zahanati. Alikuja jioni moja, akatuamkia shikamoo, akakaa chini mkekani kama alivyokuwa akikaa utotoni, kisha akasema: "Maalim, naomba radhi. Mimi ni mwanao, wala sina haki ya kukufundisha. Lakini mama huyu amepimwa presha lini?"

Tukamjibu kwamba hatujui.

"Basi akishikwa tena, tafadhali niitwe, nimpime huku nawe ukimsomea."

Siku ya tatu aliitwa. Alipofunga kile kitambaa mkononi mwa mgonjwa, kipimo kilionyesha 230 kwa 130. Baada ya nusu saa, mama amekwisha tulia, kilionyesha 140 kwa 90. Kijana akatutazama, akasema polepole: "Maalim, tusingoje kesho. Apelekwe hospitali kubwa."

TEZI MBILI JUU YA FIGO

Juu ya kila figo ya mwanadamu imekaa tezi ndogo, yenye uzito wa gramu 4 au 5 tu, nayo huitwa tezi ya adrenali. Waganga wa kale hawakuzijua. Mtaliana mmoja, Bartolomeo Eustachi, ndiye aliyezieleza katika karne ya 16, na kazi yake ikabaki fumbo kwa muda wa miaka 300. Mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa London, alionyesha kwamba mtu ambaye tezi hizi zimeharibika hudhoofika, ngozi ikawa nyeusi kuliko asili yake, hata akafa. Hapo ndipo watu walipotambua kwamba vitu vidogo hivi ni nguzo ya uhai.

Kila tezi ina sehemu mbili, kiini na ganda. Kiini hutoa adrenalini. Mtoto akikimbizwa na mbwa, moyo wake hudunda, jasho likamtoka na miguu ikapata nguvu asizozijua. Hiyo ni kazi ya kiini. Ama ganda hutoa vitu vingine, na kimojawapo ni aldosteroni, iushikayo mwili usipoteze chumvi.

Wakati mwingine uvimbe huota katika kiini, ukawa wamwaga adrenalini na ndugu zake bila ya mbwa wala hatari. Uvimbe huo huitwa feokromositoma. Ni maradhi ya nadra, yawapatayo watu wachache tu katika kila milioni kwa mwaka. Lakini alama zake tatu, yaani kichwa kuuma, jasho na moyo kwenda mbio, zikija ghafula na kuondoka ghafula, hufanana mno na yale ambayo katika vijiji vyetu huitwa kupandwa na jini. Mwenye uvimbe huo asipotibiwa, aweza kupasuka mshipa wa ubongo au moyo wake ukasimama.

Uvimbe wa ganda hauna vishindo kama hivyo. Mwaka 1955 Jerome Conn, daktari wa Marekani katika Chuo Kikuu cha Michigan, alieleza uvimbe utoao aldosteroni kupita kiasi, ukapandisha presha kimyakimya. Maradhi ya namna hii si nadra. Hukadiriwa kwamba katika kila watu 100 wenye presha, 5 hadi 10 asili ya presha yao ni hiyo, na wengi wao hawajui.

Turudi kwa mama yetu. Hospitalini alikusanya mkojo wa saa 24 katika chombo, nao ulipopimwa ulionyesha mabaki ya adrenalini kupita kiasi. Picha ya siti skani ikaonyesha uvimbe juu ya figo ya kushoto. Sisi tulidhani kwamba mambo yamekwisha, akatwe tu. Daktari akatwambia: picha hii yaonyesha umbo, haionyeshi kazi. Watu wengi wana vivimbe katika tezi hizi visivyowadhuru kitu. Je, huu ndio mwenye kosa? Na je, hauna ndugu zake waliojificha mahali pengine mwilini? Ili kulijua hilo, yatakiwa dawa yenye kupeleleza.

KUMVI KATIKA MFEREJI

Ndugu zetu wa mlimani wana mifereji iletayo maji kutoka Kilimanjaro mpaka mashambani. Mtu akitaka kujua maji ya mfereji fulani yaishia wapi, hana haja ya kuchimba njia nzima. Hutupa kumvi za kahawa juu, kisha akashuka chini kutazama zatokea katika shamba la nani. Maji hayaonyeshi yatokako, lakini kumvi zaonekana.

Basi dawa ya kupeleleza ni kumvi za namna hiyo, ila hizi hutoa mionzi. Jicho haliioni, lakini chombo huitambua hata ikiwa kidogo sana. Na watu wa huku wasidhani kwamba jambo hili ni geni kwao. Ziwa Chala, lililo mpakani karibu na kwetu, lilipelelezwa hivyo zamani. Wataalamu wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu walitumia traitiamu, yaani haidrojeni yenye mionzi, ili kujua mwendo wa maji ya ziwa na kama ndiyo yazilishayo chemchemi zilizo bondeni. Matokeo yalichapishwa mwaka 1970: maji ya ziwa yalikuwa sehemu ndogo tu ya chemchemi hizo. Macho yalisema hivi, kumvi zikasema vingine.

Aliyeianzisha elimu hii ni George de Hevesy, mzaliwa wa Budapest. Mwaka 1911 alikuwa Manchester, Uingereza, akila katika nyumba ya kupanga. Alimshuku mama mwenye nyumba kwamba mabaki ya chakula huyarudisha mezani siku nyingine katika sura mpya, na mama akakana. Hevesy akatia chembe ya kitu chenye mionzi katika mabaki ya sahani yake. Baada ya siku chache akaleta chombo chake mezani, nacho kikatambua mionzi katika chakula kipya. Kisa hiki alikisimulia mwenyewe. Kwa kazi yake ya kufuatia vitu kwa mionzi alipewa Zawadi ya Nobel ya mwaka 1943.

Ama tezi za adrenali, njia ilipatikana katika chuo kile kile cha Michigan. Ganda la tezi hutengeneza vitu vyake kwa mafuta yaitwayo kolestroli. Basi mwaka 1971 madaktari wa huko, William Beierwaltes na Jerome Conn wakiwa miongoni mwao, walitangaza kwamba wametia ayodini yenye mionzi katika kolestroli, tezi ikaipokea kama chakula chake cha kila siku, na picha yake ikaonekana. Kiini nacho hakipokei kolestroli kwa namna hiyo. Chuoni humo ikatengenezwa dawa iitwayo MIBG, inayofanana na ndugu wa adrenalini hata kiini kikadanganyika na kuiingiza ndani. Mwaka 1981 ilitangazwa kwamba dawa hiyo imeonyesha feokromositoma katika miili ya wagonjwa. Tezi nzima huonekana kwa wepesi tu, bali uvimbe huonekana mweusi, hata ukiwa umejificha shingoni, kifuani au mfupani. Tena tusipitishe kiasi: dawa hii nayo huweza kuukosa uvimbe, wala daktari haitegemei peke yake.

Mama yetu alipelekwa mji mwingine mkubwa, mbali na kwetu, kwenye mashine hiyo. Kwanza alipewa matone ya ayodini ya kawaida, ile ile ambayo katika chumvi ya dukani huitwa madini joto, ili tezi ya koo ishibe na isiinyakue ile yenye mionzi. Akaulizwa dawa zote azitumiazo, kwani hata dawa nyingine za mafua huizuia MIBG isiingie. Kisha akapigwa sindano mshipani polepole, na kesho yake akalazwa chini ya kamera kwa muda wa kama saa moja. Hakusikia maumivu. Alitwambia kwamba lililomsumbua zaidi ni kukatazwa kujikuna pua.

Picha ilionyesha doa moja, juu ya figo ya kushoto, na kwingine kusafi.

KUSHINDANA NA SAA

Huenda msomaji akauliza: mbona dawa hii isiletwe huku kwetu, mtu akapigwa sindano katika zahanati ya jirani? Hapa pana jambo ambalo vijana wetu wa shule watalifurahia, kwani ni hesabu.

Kila kitu chenye mionzi hupungua kwa nusu kila baada ya muda wake maalumu, wala hakuna mfalme awezaye kuuzuia muda huo. Ayodini ya namba 131 hupungua nusu kwa siku 8. Ayodini 123, itoayo picha nzuri zaidi, kwa saa 13. Teknishiamu, itumikayo zaidi kwa picha za mifupa na figo, kwa saa 6. Florini 18 kwa dakika 110. Kaboni 11 kwa dakika 20 tu.

Tuseme gari latoka Nairobi mpaka Holili kwa saa 5. Ayodini 131 itafika karibu yote. Ayodini 123 itafika robo tatu yake. Teknishiamu itafika zaidi kidogo ya nusu. Florini itafika chini ya sehemu moja ya sita. Ama kaboni, kitakachofika si hata sehemu moja katika 30,000. Dereva atakabidhi chupa isiyo na kitu, wala hakuna aliyeiba.

Kwa teknishiamu wataalamu wamepata hila. Husafirisha mama yake, molibdenamu, apunguaye nusu kwa saa 66, naye kila asubuhi hutoa teknishiamu mpya. Wao wenyewe humwita mama huyo ng'ombe, na kuitoa dawa huita kukama. Katika Afrika molibdenamu hutoka Pelindaba, Afrika Kusini, kwenye tanuri la atomu lililowashwa mwaka 1965.

Lakini kaboni haina ng'ombe. Nayo ndiyo iliyo ndani ya dawa ya metomideti, ipendayo ganda la tezi. Mwaka 2023 madaktari wa London na Cambridge walitoa khabari ya wagonjwa 128 waliokuwa na presha ya aldosteroni. Njia ya zamani ni kupitisha mrija mwembamba ndani ya mishipa mpaka kwenye tezi zote mbili, ikatolewa damu, jambo gumu hata kwa mabingwa. Walikuta kwamba picha ya metomideti haikushindwa na mrija katika kuonyesha tezi ipi ina makosa. Hii ni bishara njema kwa wenye presha, lakini yataka saiklotroni, mashine itengenezayo dawa hiyo, iwe karibu na kitanda cha mgonjwa.

Je, Afrika ya Mashariki imo katika njia hii? Imo. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wagonjwa wa tezi ya koo hutibiwa kwa ayodini yenye mionzi, na picha za mifupa hupigwa. Mwaka 2018 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilifungua mashine ya namna ya PET pamoja na saiklotroni, na baadaye Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo ikapata kituo chake. Mgonjwa wa Holili bado hana budi kusafiri, lakini safari yake si ya kuvuka bahari kama zamani.

MASWALI YA WATU WETU

Tuliporudi, watu walituuliza mengi, nasi twayajibu kama tulivyofahamishwa na madaktari.

Walisema: atomu si ndiyo iliyoteketeza Hiroshima mwaka 1945? Ndiyo, na moto upikao wali ndio uteketezao nyumba. Kiasi ndicho kitofautishacho. Picha ya MIBG kwa ayodini 123 humpa mtu mionzi kama ile aipatayo kwa miaka 2 hivi kutoka ardhini, angani na katika chakula chake. Tena kazi hii haifanywi ovyo. Tanzania ina Tume ya Nguvu za Atomu, inayosimamia mionzi kwa sheria ya mwaka 2003.

Mwenye mimba, au anayedhani kwamba ana mimba, aseme kabla ya sindano, wala asione haya. Anyonyeshaye aulize aache kunyonyesha kwa muda gani. Baada ya picha mgonjwa anywe maji mengi, aende haja mara kwa mara na kunawa vizuri, na ayashike maagizo atakayopewa juu ya kukaa mbali na watoto wadogo.

Na saumu? Wanazuoni wengi wa zama hizi wameona kwamba sindano isiyo ya chakula haimfunguzi mtu. Lakini kwa kuwa yatakiwa maji mengi, ni bora kipimo kifanywe usiku wa saumu umeingia au siku isiyo ya saumu, na mgonjwa ana ruhusa yake ya kula na kulipa.

NENO LETU KWA NYUMBA ZA WAISLAMU

Mama yetu alipewa kwanza dawa za kutuliza presha kwa majuma kadhaa, kwani uvimbe huo ukiguswa bila ya matayarisho humwaga sumu yake yote kwa mara moja. Kisha akapasuliwa, ukatolewa. Leo yuko sokoni na mikungu yake, naye akitupita hututania: "Maalim, lile jini lako limebaki hospitali katika chupa."

Twacheka naye. Lakini yuko mwingine ambaye hatuwezi kucheka kwa ajili yake. Miaka mingi nyuma alikuwapo kijana mmoja aliyekuwa akishikwa kwa namna hii hii. Naye tulimsomea, naye alikuwa akitulia. Hakuna aliyempima. Usiku mmoja alishikwa, wala hakutulia tena. Maradhi yake hatuyajui, wala hatutayajua hapa duniani. Kila tukiona kitambaa cha presha twamkumbuka.

Basi hatusemi kwamba kisomo kiachwe. Kujitibu ni katika mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.), na dua ni silaha ya Muislamu, hayo mawili hayagombani. Yagombanayo ni haraka na haki: haraka ya kuhukumu, na haki ya mgonjwa kupimwa. Kwa hiyo sisi katika madrasa yetu tumejiwekea kanuni, nasi twawaomba walimu wenzetu wajiwekee hiyo hiyo. Aletwaye kwetu kwa kushikwa na moyo, jasho na kichwa, swali letu la kwanza ni: amepimwa presha, na alipimwa wakati gani? Presha ya mtu aliyekwisha tulia yaweza kumficha. Apimwe wakati ule ule wa kushikwa, na jamaa zake waandike saa iliyoanza, saa iliyokwisha na alichokuwa akifanya. Na kijana mwenye presha ya juu, au mtu ambaye presha yake haisikii dawa tatu, amwulize daktari juu ya tezi zake.

Na ninyi vijana mnaozikimbia hesabu na fizikia mkidhani kwamba hazina thawabu: yule tabibu wetu alianza kwa alifu na be katika mkeka wetu, akaendelea kwa masomo hayo myakimbiayo. Mashine zimekwisha fika Nairobi na Dar es Salaam. Zangoja watu wa kuzitumia, na mama zenu ndio watakaolala chini yake.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe makosa yetu mapema, kabla hayajawa msiba wa mtu mwingine. Amin.